Sanduku la kufumia limefunguliwa baada ya miaka mingi: nyuzi zinafaa au nitupe?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 52, naishi Bwiru hapa Mwanza. Nilijifunza kufuma vitambaa nikiwa shule ya msingi, nikaendelea mpaka nilipoanza biashara ya dagaa, kisha nikaacha kabisa. Mwezi uliopita tulipokuwa tunapaka nyumba rangi nimelikuta sanduku langu la bati uvunguni mwa kitanda. Ndani kuna madonge ya uzi wa pamba mweupe niliyoyafunga kwenye magazeti. Mengine yamekuwa ya njano, mengine yana madoa ya kahawia pale yalipogusana na sindano. Kuna nyuzi za sweta za rangi, baadhi zimekatikakatika. Kuna na vitambaa vya makochi, seti niliyoiacha nusu. Vyote vinanuka ukungu na vile vidonge vyeupe vya kabatini. Wifi yangu anasema niloweke vyote kwenye jiki. Jirani anasema uzi wa zamani haufai, nitupe. Binti yangu anatarajia kujifungua, ningependa nimfumie mjukuu kofia na shali, ila pesa ya kununua vifaa vipya sina. Nimejaribu kufuma kidogo, mikono imesahau, na baada ya nusu saa vidole vinakufa ganzi. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa mjukuu anayekuja.

Naona umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama uzi bado ni mzima, kama mikono yako bado inajua, na kama ile seti ya makochi bado inakudai. Hilo la mwisho hukulitamka, lakini wanaofungua masanduku ya namna hii karibu wote huanza kwa kukimbilia kazi waliyoiacha nusu, na wengi huishia hapohapo. Nitalifikia. Kwanza niseme kwamba wifi yako na jirani yako, ingawa hawakubaliani, wanafanya kosa moja: wote wanauhukumu uzi kwa macho. Rangi haikuambii nguvu. Kuna uzi wa njano utakaodumu kuliko mimi na wewe, na kuna mweupe pee ulioza zamani.

Tuanze na jiki, maana ndiyo inayoweza kukuharibia kila kitu kwa jioni moja. Dawa ile ya klorini hung'arisha kwa kuunguza rangi, na haichagui; ikimaliza doa inaendelea na uzi wenyewe. Kwenye shuka jipya hasara haionekani upesi kwa sababu kitambaa kina akiba ya nguvu. Uzi uliokaa miaka uvunguni akiba yake imeshaliwa. Penye kutu ni vibaya zaidi, kwani chuma huichochea klorini ifanye kazi kwa ukali mahali palepale penye doa. Utaona doa limebaki, kisha baada ya kufua mara mbili tatu pametoboka. Na kama sehemu ya nyuzi zako ni sufu, jiki huiyeyusha kabisa. Ibaki chooni na kwenye sinki.

Sasa uzi wa pamba. Wewe ni mtu wa Kanda ya Ziwa, pamba huhitaji kuelezwa. Mbegu za pamba zenye jina la UK, zilizopandwa huku kwa miaka mingi, zilizalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Ukiriguru, hapo Misungwi. Ile nyuzi nyeupe inayotoka kwenye tumba karibu yote ni selulosi, yaani minyororo mirefu sana ya sukari iliyoshikana. Nguvu ya uzi inatokana na urefu wa minyororo hiyo. Mwanga, joto, tindikali na kutu huikata, na ikishakuwa mifupi uzi unakatika hata ukiwa unapendeza machoni.

Na hapa magazeti yako yanaingia. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa pamoja na gundi yake ya asili, lignini, ndiyo maana gazeti likiachwa juani siku chache hugeuka njano. Likizeeka linatoa tindikali, na tindikali hiyo huhamia kwenye chochote kilichofungwa ndani yake. Kwa hiyo donge lako linaweza kuwa limeumia juu, ndani likawa zima. Usilitupe kabla ya kulipima.

Kupima ni hivi. Kata kipande cha urefu wa mkono kutoka juu ya donge, kizungushe kwenye vidole vya mikono yote miwili, uvute polepole bila kushtua. Kisha vuta uzi wa pamba unaojua ni mpya, wa unene unaokaribiana, hata ukiazima kwa fundi cherehani wa jirani. Uzi mzima unabisha, unakuuma vidole kabla ya kukatika. Uliooza unaachia bila ubishi, na ncha zake hubaki fupi, butu, bila nyuzinyuzi zilizochomoza. Ukiona umeachia, ondoa mita tano au sita za juu upime tena. Mwishoni lowesha kipande uvute kikiwa na maji, maana pamba ikilowa huongezeka nguvu. Ule unaokatika ovyo hata ukiwa umelowa, usiugombee; ujazie kimto cha pini.

Ukikuta madonge yenye mng'ao, yashike kwa heshima. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer aligundua kwamba pamba ikipitishwa kwenye magadi makali, soda kostiki, inavimba na kuwa imara zaidi, na mwaka 1890 Horace Lowe akaonyesha kwamba ukiivuta wakati wa kazi hiyo inapata mng'ao. Nyuzi nyingi nzuri za kufumia vitambaa hupitia njia hiyo mpaka leo, na nimeona zinazeeka kwa adabu kuliko zile zilizofifia.

Madonge yaliyofaulu usiyafue yakiwa madonge. Maji hayafiki katikati, na katikati hiyo itakaa mbichi siku nyingi, ukungu uanze upya. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti upate duara refu, ulifunge sehemu nne kwa vipande vya uzi mweupe, kwa kulegeza, ndipo ulitoe. Loweka kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya mche iliyoyeyushwa, liminye bila kusugua, badilisha maji mpaka yatoke safi. Litatoa maji ya rangi ya chai. Usishtuke, ni uchafu wa tindikali unaondoka, na mara nyingi nusu ya unjano huondoka nao.

Madoa ya kutu yana dawa jikoni kwako. Kamulia ndimu au limau, nyunyiza chumvi, acha dakika ishirini au thelathini ukiwa kivulini, kisha suuza sana. Tindikali ya ndimu inaishika chuma na kuichomoa kwenye uzi. Lakini ni tindikali, na tumesema tindikali inakata minyororo, kwa hiyo usiianike juani ikaukie humo, kama wengi tulivyofundishwa. Doa lisipotoka mara ya pili, kata kipande hicho uendelee na maisha. Na kuna ushauri utakaousikia: chemsha uzi kwenye majani ya chai, yote yawe ya rangi ya maziwa yaliyochanganywa, hakuna atakayejua umezeeka. Ni ushauri mzuri na mimi naupenda, ila kutu iwe imeondoka kabisa. Chai ina tanini, na tanini ikikutana na chuma hutoa rangi ya kijivu hadi nyeusi. Wino wa zamani ulitengenezwa hivyo. Doa dogo la kahawia litageuka jeusi ambalo hutalitoa tena.

Harufu ya ukungu peke yake si hasara. Hutoka kwa kufua na kuanika mahali penye upepo, kivulini, siku mbili tatu. Kinachohesabika ni vidoa vyeusi vilivyotawanyika. Hapo ukungu umekula selulosi yenyewe, doa hubaki, na uzi ni dhaifu. Kukung'uta kwako kuwe nje ya nyumba, ufunike pua, hasa kama kuna mwenye pumu. Kwa anayeishi kando ya ziwa kama wewe, subiri siku kavu, na uchungulie ziwani kabla ya kuanika: wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama wingu wakikukuta na uzi mweupe umelowa kambani, utaanza kazi upya.

Nyuzi za sweta zinahitaji kwanza kujulikana ni za nini. Chukua kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya sufuria yenye maji, nje, watoto wakiwa mbali, ukiwashe. Kikinuka nywele zilizoungua, kikijizima, na kuacha kipunje cheusi kinachosagika vidoleni kikishapoa, ni sufu. Kikiyeyuka, kikajikunja na kuacha punje ngumu, ni akriliki au jamaa yake wa kiwandani, na nadhani zako nyingi zitakuwa hizo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Jaribio hili si la udadisi tu. Viluwiluwi vya nondo wa nguo hula keratini, ile iliyomo kwenye sufu, nywele na manyoya. Akriliki hawaitaki. Kama zilizokatikakatika ni za akriliki, aliyekata huenda ni panya, na dawa ya nondo haikukusaidia kitu miaka yote hiyo. Uzi wa akriliki uliokatwa na panya ukifuliwa hauna ubaya. Unga vipande kwa kurudisha ncha ndani ya kazi angalau vidole vinne, au vitumie kwa mistari ya rangi. Ila usiufumie kitambaa cha kushikia sufuria. Joto litauyeyusha, na unashikamana na ngozi.

Kwa mjukuu nakuomba tuwe wakali kidogo. Vile vidonge vyeupe mara nyingi ni naftalini, na moshi wake usioonekana huingia kwenye nyuzi na kukaa. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali isiyo ngeni katika maeneo yenye malaria nyingi kama yetu, na kwao naftalini inaweza kuvunja seli nyekundu za damu na kuleta manjano makali. Mama hawezi kujua kwa kumtazama mtoto. Kwa hiyo uzi uliokaa na vidonge hivyo usiufumie kofia wala shali ya mtoto mchanga. Kwako wewe mtu mzima, ukifuliwa na kupigwa upepo mpaka harufu iishe, utumie. Jua na upepo hupunguza sana naftalini, lakini "sana" si kipimo ninachokitaka kichwani mwa mtoto wa siku tatu.

Najua hapo nimekuharibia mpango, kwani mjukuu ndiye sababu ya wewe kuandika. Ushauri wangu ni huu: nyuzi za sanduku zifumie vitu vyako na vya nyumba yako, na kwa ajili ya kofia tafuta donge moja tu jipya, laini, linalofulika. Kofia ya mtoto mchanga haimalizi donge. Ukifika hapo, chagua mfumo uliobana, usio na matundu, na ndani kusiwe na uzi unaoning'inia, hasa kwenye soksi. Uzi mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto ukazuia damu, na mtoto hana lugha ya kukuambia ila kulia.

Sasa ile seti ya makochi. Iache. Nasema hivyo nikijua utasikitika. Mkono wako wa leo haukazi uzi kama mkono wako wa ujana. Ukiendeleza pale ulipoachia utaona mstari mpya umejivuta au umelegea, na kila atakayeketi atauona. Hata ukikuta donge lenye namba ileile, weupe wa kiwandani hutofautiana kati ya mzigo na mzigo, na wako umeshageuka. Unaweza kufumua vipande ambavyo havijakamilika ukatumia uzi wake tena, kama umefaulu kipimo. Utatoka umejipindapinda, ufue kwa lile duara, utanyooka wenyewe, usiupige pasi ukiwa umevutwa. Vile vilivyokamilika, hata vikiwa vitatu, vizungushie ukingo wa rangi moja kutoka kwenye nyuzi za sanduku. Ukingo huo unavifanya vionekane vilikusudiwa kuwa vitatu. Kama kuna kipande kinachokukumbusha mtu, kifue, ukikunje kwenye kitambaa cheupe cha pamba badala ya gazeti, ukiweke. Si lazima kila kilichoanza kimalizike.

Kazi ya kwanza ninayokupendekezea ni kifuniko cha jagi la maziwa au maji, kile cha duara chenye shanga pembeni. Ni kidogo, hakihitaji kulingana na kingine, na msimu wa wale wadudu wa ziwani utakishukuru. Shanga utazipata kwenye mkufu uliokatika. Zaidi ya hapo, duara ni mwalimu mzuri kwa sababu linakusahihisha lenyewe. Fuma mnyororo mfupi, ufunge pete. Ndani ya pete weka nguzo 12, zile ambazo unazungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuiingiza. Mzunguko wa pili ziwe 24, wa tatu 36, wa nne 48. Kila mzunguko unaongeza 12. Kitambaa kikijikunja na kuwa bakuli, unakaza mno au umesahau kuongeza. Kikifanya mawimbi, umeongeza kupita kiasi au unalegeza. Huhitaji mtu wa kukuambia.

Usianze na uzi mwembamba lakini. Kwenye uzi wa kufumia, namba ikipanda unene unashuka: namba 10 ni mnene kuliko 20, na 40 ni wa wenye macho ya miaka kumi na tano. Anza na uzi wa sweta na sindano ya milimita 4 au 5 siku chache, vitanzi uvione, ndipo ushuke kwenye pamba. Huna sindano kubwa? Kipande cha mti mgumu kilichochongwa na kupigwa msasa kinatosha. Sindano ndogo wengi tulijitengenezea kwa spoku ya baiskeli, yenye unene wa kama milimita 2. Zile zako zenye kutu zisugue kwa stiliwaya na tone la mafuta ya cherehani, uzifute, kisha uzipitishe kwenye soksi nyepesi ya zamani. Ikinasa, kutu imeshachimba chuma, na itachana uzi kila kitanzi. Hiyo itupe.

Kuhusu mikono kusahau, sidhani kama imesahau. Wewe ndiye unayeiingilia. Kumbukumbu ya kufanya jambo hukaa kichwani mahali tofauti na kumbukumbu ya majina na maneno, na mtu akijaribu kujieleza kila hatua, "sasa napitisha wapi," anaivuruga. Fuma mnyororo mrefu usio na maana yoyote, ukiwa unaongea na mtu au ukisikiliza redio. Ukijikuta umefika mita moja bila kufikiri, ndipo uanze nguzo. Ukikwama kabisa, nenda ukae na mama yeyote anayefuma mtaani kwako alasiri moja; kozi ya chuo kwa jambo hili ni kupoteza pesa. Na pima macho. Kwa miaka 52 lenzi ya jicho haikunjiki tena kama zamani, na wengi wanaodai wamesahau kufuma wanahitaji miwani ya kusomea tu.

Ganzi ndiyo sitaki uipuuze. Inaweza kuwa unakaba sindano, unakunja kiwiko na kifundo cha mkono muda mrefu, kwenye kochi linalokuzamisha. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, weka mto mapajani ubebe mikono, pumzika kila robo saa, na ushonee kitambaa kwenye shina la sindano liwe nene. Kitu chembamba ndicho kinachokulazimisha kukaba. Fanya hivyo wiki mbili.

Lakini kama ganzi inakuja usiku ukiwa umelala, kama ni kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, kama vitu vinakuponyoka au nyama ya chini ya kidole gumba inasinyaa, acha kufuma uende kituo cha afya. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono, na ukibanwa muda mrefu hasara yake huwa ngumu kurudi. Kisukari na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri huchangia pia, kwa hiyo waombe wakupime sukari siku hiyohiyo. Wakiona haja watakupa rufaa hospitali ya Sekou Toure au Bugando, hapo Mwanza. Ukifika kwa daktari usiseme tu mikono inauma. Mwambie unafuma, umebeba ndoo za dagaa miaka mingapi, na umwonyeshe ni vidole vipi hasa.